Kisanduku cha Saba

Fomu imetoka Maskati, kurasa mbili.
Kisanduku cha saba kinauliza:
ufanisi wa kituo ni asilimia ngapi?

Nimeandika jina, Thuwaiba binti Masoud,
namba ya beji, zamu ya usiku,
kituo cha nchi kavu juu ya Shinas.
Cha saba nimekiruka kwanza
kama tunavyoliruka jina la mdaiwa akiwepo mezani.

Ya kuhesabika ninayo:
malori mia mbili na kumi na moja, mabasi tisa,
katoni arubaini za sigara chini ya nepi za watoto,
mirungi iliyonyauka ndani ya spika,
na mbuzi mmoja asiye na cheti cha daktari.
Huyo tumemfunga kwenye mguu wa kaunta.
Amekwisha kula pambizo la fomu ya kwanza.

Mashine ya kumulika imekufa tangu magharibi.
Fundi yuko Sohari, anasema inshallah.
Basi tumerudi kwa Badar na spana yake.
Badar hugonga kuta za tela, akategesha sikio
kama mtu anayechagua tikiti maji.
Ukuta wa halali husema ti.
Wenye tumbo husema bu.
Saa nane na robo mmoja ukasema bu.
Dereva alikuwa anakoroga chai yake.
Aliendelea kukoroga,
sukari ilikwishayeyuka zamani.

Sasa niandike nani kakamata?
Badar? Spana?
Au Shafiqul, aliyeshusha masanduku mia sita ya nyanya
ili tuufikie ukuta,
kisha akayapandisha yote, moja moja,
maana nyanya hazina kosa?
Mkataba wa Shafiqul ni wa kufagia.
Fomu haina pa kumwandika.

Ya kutohesabika je?
Aliyepenya hatii sahihi.
Ninawajua niliowakamata tu,
na kwa hao nasifiwa.
Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi,
lakini hapa mimi ndiye pakacha.

Mama aliingia nchi hii na barua isiyo na muhuri.
Kiarabu chake chote kilikuwa cha chuoni.
Karani alimuuliza, watoka wapi, wewe?
Naye, kwa hofu, akamsomea Sura ya Kureshi,
safari za kusi na za kaskazi, mpaka mwisho,
hakuacha hata irabu.
Karani akacheka hadi wino ukamwagika.
Akagonga.
Siku ile mpaka ulifanya kazi, au ulivuja?
Miaka yote ninakula mshahara juu ya swali hilo.

Saa kumi basi la mwisho.
Wanawake huja kwangu, nyuma ya pazia.
Glavu, kwapa, kiuno, mshono wa shungi.
Mmoja, pasi yake safi, viza yake safi,
nilipofika tumboni alinishika mkono
akasema, kwa Kiswahili cha Tanga kabisa,
taratibu dada, nimepasuliwa juzi.
Hakujua kwamba naelewa.
Lilimtoka tu, kama pumzi.

Bandeji ilikuwa nene.
Kanuni inasema bandeji hufunguliwa, muuguzi akiwepo.
Muuguzi alikuwa amelala kwenye viti viwili,
viatu vyake vimepangwa vizuri chini.
Nikasema, pole.
Neno moja. Akainua macho
kama aliyeitwa jina lake la utotoni.
Nikafunua pazia, akapita.

Labda chini yake mlikuwa na mshono.
Labda.

Sasa kumekucha. Shafiqul anafagia majani ya mirungi.
Mbuzi analia, anataka fomu nyingine.
Badar amesinzia, spana kifuani.
Nimechukua kalamu ya risasi.
Kisanduku cha saba:
nimeandika tisini na saba,
nikafuta,
nikaandika tisini na sita.